Kamba moja, mashamba mawili
(Somo la mzunguko na eneo la mstatili)

1. Shauri la Baba Paluku

Mama Masika alikuwa mjane. Mume wake alimwachia watoto wawili, Masika na mdogo wake Muhindo, pamoja na shamba moja kando ya njia kubwa, katika milima ya upande wa Beni. Shamba lile halikuwa kubwa, lakini udongo wake ulikuwa mweusi na mzuri. Kila mwaka mama alilima mara mbili, maana katika milima ile kuna misimu miwili ya mvua. Kila msimu alivuna vikapu 8 vya maharagwe. Vikapu 5 vilikuwa chakula cha nyumbani, kikapu 1 kilikuwa mbegu, na vikapu 2 aliviuza sokoni, apate fedha za chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Siku moja jirani yao, Baba Paluku, alifika jioni.

«Jambo, Mama Masika.»

«Jambo, Baba Paluku. Karibu, kaa.»

Baba Paluku akakaa, akasema: «Mama, nataka kujenga duka dogo, na duka lisilo kando ya njia halipati wanunuzi. Shamba lako liko njiani, langu liko chini, kwenye kijito. Udongo ni ule ule, tena kwangu maji yapo karibu. Tubadilishane. Wewe utwae langu, mimi nitwae lako.»

Mama akauliza: «Je, mashamba yetu ni sawa?»

Baba Paluku akajibu: «Tutapima mbele ya macho yako.»

Kesho yake akaleta kamba za katani alizoziunganisha kuwa kamba moja ndefu. Akaizungusha katika shamba la Mama Masika, kutoka pembe ya kwanza mpaka kurudi pembe ile ile. Mahali kamba ilipokutana akafunga fundo. Kisha wakashuka wote mpaka kijitoni, akaizungusha kamba katika shamba lake. Fundo likafika sawasawa kwenye pembe ya mwanzo, bila kuzidi wala kupunguka.

Mama Masika akasema: «Macho yangu yameona. Kamba haisemi uongo.» Wakapatana kumaliza shauri lile siku ya Dominika, baada ya misa, mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wawili.

2. Masika anapima

Masika alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano. Aliposikia habari ile, hakusema neno, lakini moyo wake haukutulia. Mara nyingi alikuwa amepalilia shamba la njiani, na kazi ile ilimchukua siku nne. Mwaka uliopita alimsaidia mke wa Baba Paluku kupalilia shamba la kijitoni, nao wakamaliza kwa siku tatu. Akajiuliza: «Kama mashamba ni sawa, siku moja imepotea wapi?»

Jumamosi asubuhi akatwaa matete manne. Akayakata yote kwa kipimo cha fimbo ya meta moja ya shuleni, akayafunga pembe kwa pembe, akapata mraba mmoja. Kila upande wa mraba ule ulikuwa meta 1. Akamwita Muhindo, wakaenda kijitoni.

Wakaulaza mraba wa matete katika pembe ya shamba, wakaweka alama, wakausogeza mbele, wakaweka alama tena. Katika upana wa shamba mraba uliingia mara 10. Hiyo ni safu moja, yenye miraba 10. Halafu wakafuata urefu wa shamba, wakahesabu safu. Zilikuwa safu 30.

Muhindo akasema: «Dada, tuilaze miraba yote moja moja?»

Masika akajibu: «Hapana, tutachoka bure. Kila safu ina miraba 10, na safu ni 30. Mara thelathini kumi ni mia tatu.»

10 × 30 = 300

Wakapanda mpaka shamba lao la njiani, wakapima vile vile. Safu moja ilikuwa na miraba 20, na safu zilikuwa 20.

20 × 20 = 400

Watoto wakatazamana. Shamba la mama lilikuwa na miraba 400, na shamba la kijitoni lilikuwa na miraba 300 tu. Muhindo akauliza: «Mbona kamba ilikuwa moja?» Masika hakuweza kujibu. Akashika njia, akaenda nyumbani kwa mwalimu.

3. Mwalimu anaeleza

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta meza, punje za maharagwe na uzi uliofungwa ncha mbili pamoja. Akautandaza uzi juu ya meza ukawa na pande nne zilizo sawa, akamwambia Muhindo: «Jaza ndani maharagwe, punje kwa punje, pasibaki nafasi.» Muhindo akajaza. Halafu mwalimu akazitoa punje zote, akauvuta uzi ule ule ukawa mrefu na mwembamba. Akasema: «Jaza tena.» Muhindo akajaza, lakini punje nyingi zikabaki mkononi, hazikupata nafasi.

Mwalimu akauliza: «Je, uzi umepunguka?»

«Hapana, bwana mwalimu. Uzi ni ule ule.»

«Na nafasi ya ndani?»

«Nafasi imepunguka.»

Mwalimu akasema: «Basi mmeona. Kamba ya Baba Paluku haikusema uongo. Mliiuliza kamba habari ya ukingo, mkadhani imewajibu habari ya udongo. Ukingo ni jambo moja, udongo ulio ndani ni jambo lingine. Tusiyachanganye.»

Akaandika katika daftari la Masika:

Mstatili ni umbo lenye pande nne na pembe nne zilizonyooka. Pande zake zinazoelekeana ni sawa. Upande mrefu huitwa urefu, upande mfupi huitwa upana. Kama pande zote nne ni sawa, mstatili ule huitwa mraba.

Mzunguko ni kipimo cha ukingo wote. Ni njia ya mtu anayetoka pembe moja, akazunguka shamba, akarudi pembe ile ile. Mzunguko hupimwa kwa meta.

Eneo ni kipimo cha nafasi iliyo ndani ya ukingo. Ndipo mahali pa kulima, pa kujenga au pa kutandika mkeka. Eneo hupimwa kwa meta za mraba. Meta moja ya mraba ni nafasi ya mraba ambao kila upande wake ni meta 1, kama mraba wa matete wa Masika.

Kisha akaandika hesabu ya mashamba mawili:

Shamba la njiani: urefu m 20, upana m 20.
Mzunguko: (20 + 20) × 2 = 80. Ni meta 80.
Eneo: 20 × 20 = 400. Ni meta za mraba 400.

Shamba la kijitoni: urefu m 30, upana m 10.
Mzunguko: (30 + 10) × 2 = 80. Ni meta 80.
Eneo: 30 × 10 = 300. Ni meta za mraba 300.

Mizunguko ni sawa, maeneo si sawa. Masika akauliza: «Bwana mwalimu, kwa kamba ile ile shamba laweza kupunguka tena?» Mwalimu akamwambia afanye hesabu mwenyewe. Masika akaandika mistatili mitano, yote yenye mzunguko wa meta 80:

m 20 na m 20: eneo ni meta za mraba 400
m 25 na m 15: eneo ni meta za mraba 375
m 30 na m 10: eneo ni meta za mraba 300
m 35 na m 5: eneo ni meta za mraba 175
m 39 na m 1: eneo ni meta za mraba 39

Masika akacheka, akasema: «Hili la mwisho si shamba tena, ni njia ya mbuzi!» Mwalimu naye akacheka, akasema: «Umesema kweli. Kamba haikubadilika, lakini udongo umekwisha. Kadiri mstatili unavyokuwa mwembamba, nafasi ya ndani inapunguka. Kwa mzunguko mmoja, mstatili wenye nafasi kubwa kuliko yote ni mraba.»

Mwisho mwalimu akauliza: «Shamba la mama hutoa vikapu vingapi?» Masika akajibu: «Vikapu 8.» Basi wakahesabu. Meta za mraba 400 zinatoa vikapu 8; kila kikapu kinahitaji meta za mraba 50, maana 400 : 8 = 50. Shamba la kijitoni lingetoa 300 : 50, ndivyo vikapu 6. Vikapu 2 vingepotea kila msimu, vikapu 4 kila mwaka. Masika akanyamaza. Alijua vikapu 2 vile ni vipi. Ni vile vya sokoni, vya chumvi, sabuni na madaftari.

4. Siku ya Dominika

Baada ya misa, watu wakakutana shambani mbele ya mkubwa wa kijiji. Mama Masika akasema kwa heshima: «Baba Paluku, binti yangu amepima. Naomba umsikilize kabla hatujamaliza shauri.»

Baba Paluku akakunja uso, akasema: «Nilipima mbele ya macho yako. Leo mtoto anifundishe mimi kupima shamba?»

Mkubwa wa kijiji akasema: «Hesabu haina mkubwa wala mdogo. Asiyeogopa kweli haogopi kupima mara mbili.»

Wakashuka kijitoni. Baba Paluku akautwaa mraba wa matete, akaulaza mwenyewe kwa mikono yake. Akapata 10 katika upana, akapata safu 30 katika urefu. Akapanda njiani, akapata 20 na 20. Akasimama kitambo, ameshika kiuno. Kisha akamgeukia Mama Masika, akasema: «Mama, sikujua. Baba yangu alipima hivi kwa kamba, nami nikafuata. Sikutaka kula haki ya mjane. Udongo wangu unaendelea mbele ya shamba lile. Nitaongeza mpaka tuwe sawa.»

Mwalimu akauliza watoto: «Aongeze kiasi gani?» Masika akafikiri: «Upana ni meta 10. Eneo linalotakiwa ni meta za mraba 400. Nagawanya 400 kwa 10, napata 40. Basi urefu uwe meta 40. Sasa ni 30. Aongeze meta 10.»

40 × 10 = 400

Wakapima meta 10 za kuongeza. Mwalimu akakagua pembe, maana pande zinaweza kuwa na vipimo vyema, lakini pembe zikiinama, umbo si mstatili tena, na eneo linapunguka. Kutoka pembeni akapima meta 3 upande mmoja, akaweka alama. Akapima meta 4 upande wa pili, akaweka alama. Akapima kutoka alama mpaka alama, akapata meta 5 kamili. Basi pembe ilikuwa imenyooka. Waashi wengi hupima hivyo wanapoanza msingi wa nyumba.

Ikabaki neno moja. Shamba jipya lilihitaji ua wa kuzuia mbuzi. Ua wa zamani ulikuwa na mzunguko wa meta 80, na nguzo moja kila meta 2. Kwa hiyo nguzo zilikuwa 40. Shamba jipya lina mzunguko wa (40 + 10) × 2, ndizo meta 100. Linahitaji nguzo 50. Mama Masika angehamisha nguzo zake 40, lakini 10 zilikosekana. Baba Paluku akasema: «Mimi ndiye niliyetaka kubadilishana. Nguzo 10 nitazikata mimi.»

Wakapeana mikono mbele ya mashahidi. Baba Paluku akamwambia Masika: «Aksanti, binti yangu. Umeniokoa. Kama shauri lingekwisha jana, leo ningekuwa na mali isiyo yangu, wala nisingejua.»

5. Watu wa zamani

Kazi ya kupima mashamba ni ya zamani sana. Katika nchi yetu ya Kongo, mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950, Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango akapata mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu. Mfupa ule una umri wa miaka kama 20,000, na wataalamu kadhaa wanadhani mikato ile ilikuwa ya kuhesabia. Sasa unatunzwa katika jumba la makumbusho la Bruxelles.

Maji ya Semliki yanaingia ziwa Albert, na kutoka huko yanafuata mto Nili mpaka Misri. Herodoto, Mgreki aliyeishi zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristu, aliandika kwamba mfalme wa Misri aliwagawia watu mashamba ya mraba yaliyo sawa, na kila mtu alilipa kodi kila mwaka. Mto ukichukua sehemu ya shamba, wapimaji walikuja kupima eneo lililopotea, ili mwenye shamba alipe kodi ya udongo uliobaki tu. Basi hesabu ya eneo ililinda haki ya mkulima.

Mgreki mwingine, Proklo, aliyeishi katika karne ya 5 baada ya Kristu, aliandika habari ya watu wadanganyifu. Katika kugawanya mashamba, waliwaachia wenzao sehemu zenye mzunguko mrefu, wao wakatwaa zenye mzunguko mfupi na eneo kubwa. Watu wasiojua hesabu wakawasifu kuwa ni wema! Tofauti yao na Baba Paluku ni hii: Baba Paluku hakujua, na alipojua alitengeneza. Wao walijua, wakanyamaza. Anayekosea bila kujua hana dhambi ya wizi. Lakini anayejua kipimo cha kweli akakificha, amevunja amri ya saba ya Mungu, hata kama hakusogeza jiwe la mpaka.

6. Kanuni za kushika kwa moyo

Mzunguko wa mstatili = (urefu + upana) × 2.
Eneo la mstatili = urefu × upana.
Urefu = eneo : upana.
Upana = eneo : urefu.

Kabla ya kuzidisha, angalieni vipimo. Kama urefu ni wa meta na upana ni wa sentimeta, geuzeni kwanza viwe vya namna moja.

Meta za mraba 100 ni ari 1. Ari 100 ni hektari 1. Shamba la Mama Masika lina ari 4.

Tena jiulizeni daima: natafuta ukingo au nafasi ya ndani? Ua, kamba, uzio na pindo la nguo ni habari ya mzunguko. Mbegu, mbolea, matofali ya sakafu na chokaa ya ukuta ni habari ya eneo.

7. Maulizo

1) Kwa nini Baba Paluku alidhani mashamba mawili ni sawa?
2) Ni jambo gani lililomfanya Masika awe na shaka kabla ya kupima?
3) Mwalimu alionyesha nini kwa uzi na maharagwe?
4) Tofauti ya kosa na udanganyifu ni nini? Toa mfano kutoka katika hadithi.
5) Mama anataka kuzungushia bustani ua, na ndani yake kupanda vitunguu. Kwa kazi ipi anahitaji mzunguko? Kwa kazi ipi anahitaji eneo?

8. Hesabu

1) Darasa lina urefu wa m 8 na upana wa m 6. Tafuta mzunguko na eneo. Wanafunzi ni 40; kila mmoja ana nafasi ya meta za mraba ngapi?

2) Kiwanja cha mpira kina urefu wa m 100 na upana wa m 64. Muhindo anakizunguka mara 3. Amekimbia meta ngapi? Zimebaki meta ngapi apate kilometa 1? Eneo la kiwanja ni ari ngapi?

3) Bustani ina eneo la meta za mraba 180 na upana wa m 12. Tafuta urefu wake, halafu mzunguko wake.

4) Sakafu ya kanisa ina urefu wa m 24 na upana wa m 9. Inatandikwa matofali yenye urefu wa sm 25 na upana wa sm 20. Meta moja ya mraba inahitaji matofali mangapi? Sakafu nzima inahitaji matofali mangapi?

5) Shamba jipya la Mama Masika lina urefu wa m 40 na upana wa m 10. Kama akiacha njia ya upana wa m 1 ndani ya ukingo, pande zote nne, eneo la kulima litabaki kiasi gani? Njia imechukua kiasi gani? (Angalia: njia inapunguza urefu kwa pande mbili, na upana kwa pande mbili.)

6) Una kamba ya meta 48. Chora katika daftari mistatili minne tofauti yenye mzunguko huo. Andika eneo la kila mmoja. Upi una eneo kubwa kuliko yote?

Kazi ya nyumbani: Kata matete manne ya meta moja, uyafunge kama Masika. Pima chumba unacholala au bustani ya nyumbani. Leta shuleni mzunguko wake na eneo lake. Fanya kazi hiyo pamoja na mama au baba, uwaonyeshe njia ya kupima. Maana maarifa ya shuleni yasiyofika nyumbani ni kama mbegu iliyobaki ghalani.